Niliposema "Rahisi Tu"



Mpendwa kijana mwenzangu, leo naomba nikusimulie jambo lililonitokea mlimani, halafu tulitafakari pamoja. Usitegemee habari za ushujaa. Kiukweli ni habari ya uongo wa maneno mawili uliomvunja mtu mfupa, na ya swali ambalo limenikaa moyoni tangu siku ile: je, ni haki mtu kuficha woga wake?

Wengi wetu tumelelewa tukiambiwa kwamba mwanaume haogopi. Siku hizi hata mabinti wanaambiwa vivyo hivyo: usioneshe udhaifu, watu watakudharau. Tumeuzoea usemi huo hadi tunaona kuficha woga ni sehemu ya fadhila. Mimi pia niliona hivyo. Twende taratibu.

Njia yenyewe

Nasoma Trento, kaskazini mwa Italia, mji uleule ulikofanyika Mtaguso wa Trento kati ya mwaka 1545 na 1563. Ukitoka hapa kwa gari, mwendo wa saa moja hivi, unafika Riva del Garda, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Garda, ziwa kubwa kuliko yote nchini Italia. Ziwa liko mita 65 tu juu ya usawa wa bahari, lakini milima ya Alpi imesimama wima kando yake kama kuta za kanisa kuu. Asubuhi upepo unashuka kutoka kaskazini, mchana unageuka na kuvuma kutoka kusini. Wenyeji wameupa kila mmoja jina, Pelèr na Ora, na wenye mashua za matanga wanapanga siku yao kwa kuufuata.

Juu ya ukingo wa magharibi kuna mlima uitwao Tremalzo. Wapo waendesha baiskeli za milimani wanaosafiri kutoka mbali kuja kuushuka. Njia inaanzia kwenye handaki dogo lililotobolewa mwambani, zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na inaishia ziwani. Yaani unateremka zaidi ya mita 1,700 kwenda chini, kwa breki na kwa neema ya Mungu.

Sehemu ya juu ni barabara ya changarawe yenye kona nyingi zilizokunjana kama utumbo. Haikujengwa kwa ajili ya michezo. Waliichonga wanajeshi wa Italia wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Italia iliingia vitani Mei 1915, na wakati huo mji wa Riva ulikuwa chini ya Austria, kwa hiyo milima hii ilikuwa mstari wa mbele. Vijana wa umri wangu walibeba mawe na mizinga pale juu wakiwa wamepangiwa kufa, na hakuna aliyewauliza kama wanapenda. Sisi tulipita palepale tukicheka, tukiwa tumelipia kupandishwa na gari. Nalisema hili mapema kwa sababu lina maana mbele: kuna hatari unayoichagua na kuna hatari unayotwishwa, na si busara kuzichanganya.

Tulikuwa wanne. Wawili ni Waitaliano, marafiki wa kundi la vijana la parokia, ambao wameendesha baiskeli milimani tangu utoto. Mimi nilikuwa na misimu miwili tu ya mazoezi. Wa nne alikuwa dogo mmoja wa Moshi, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, ambaye ananiita kaka tangu nilipompokea stesheni ya treni akiwa na masanduku yake. Alikuwa amejifunza baiskeli ya milimani miezi michache tu. Mimi ndiye niliyemwambia aje.

Gari lilitupandisha kwa bonde la Ledro, tukapita kando ya Ziwa Ledro, dogo na la kijani, halafu tukakunja kupanda Tremalzo. Huko juu kulikuwa na baridi hata jua likiwa limewaka. Tulikagua breki, tukafunga helmeti, tukafanya ishara ya msalaba, tukaanza.

Sitakuchosha na kila kona. Nitakuambia tu jinsi kazi ilivyo. Kwenye changarawe hubani breki kwa nguvu, maana tairi likiacha kuzunguka linateleza. Unagusa, unaachia, unagusa. Unasimama juu ya pedeli, uzito unaurudisha nyuma, macho unayatupa mbali pale unapotaka kwenda. Hilo la macho ndilo gumu kuliko yote. Ukilitazama genge, utalifuata. Mikono inachoka kabla ya miguu, na baada ya nusu saa vidole vinakakamaa hadi huvihisi.

Tulishuka hadi Passo Nota, tukaendelea hadi Passo Rocchetta. Hapo ziwa linatokea lote kwa mara moja, chini kabisa miguuni pako, la bluu, na mashua zimekuwa vitone vyeupe. Tulinyamaza. Mwitaliano mmoja alianza Baba Yetu kwa lugha yake, sisi wawili tukaisali kwa Kiswahili. Kwa kweli nilimshukuru Mungu kwa uhai wangu pale kuliko nilivyowahi kumshukuru kanisani.

Kuanzia hapo mambo yanabadilika. Barabara ya wanajeshi inabaki nyuma, na kinachoshuka kuelekea kijiji cha Pregasina ni njia nyembamba ya msituni, yenye mwinuko mkali, mawe yaliyolegea na mizizi. Waitaliano walitangulia. Tulikubaliana tangu mwanzo kwamba penye ugumu mtu anashuka na kusukuma, haina aibu.

Neno lenyewe

Tulifika mahali ambapo njia inapita juu ya ngazi ya mawe, kama hatua nne au tano za jabali lililopasuka, halafu inakata kona kali upande wa kushoto. Kulia ni miti, na nyuma ya miti hakuna kitu. Nilisimama nikapaangalia. Moyo ulikuwa unanipiga hadi masikioni. Akili yangu iliniambia wazi: hapa huwezi, shuka.

Nikageuka, nikamwona dogo yuko nyuma yangu ananiangalia.

Ndugu yangu, sikuipita ile ngazi kwa sababu niliiweza. Niliipita kwa sababu niliangaliwa. Tairi la mbele liligonga, la nyuma likanyanyuka, nikaona kabisa naruka juu ya usukani, halafu sijui kwa namna gani nikajikuta nimesimama chini, mzima. Mguu wa kulia ulikuwa unatetemeka wenyewe. Nilijiegemeza kwenye mti ili asiuone. Kisha nikainua sauti na kumwambia: "Rahisi tu! Shuka!"

Akashuka.

Hatua ya pili ya jabali ilimshinda. Alianguka kwa bega upande wa ndani, wa mlimani, na kwa hilo namshukuru Mungu kila siku. Angeangukia upande wa pili, leo ningekuwa naandika mambo mengine, au nisingekuwa na ujasiri wa kuandika chochote. Mfupa wa mtulinga ulivunjika. Tulimfunga mkono kwa shati langu, Waitaliano wakarudi kutusaidia na baiskeli, tukateremka kwa miguu hadi Pregasina. Njia nzima hakulia. Kila nikimuuliza anajibu, "Niko poa, kaka." Nilijua amejifunza wapi kujibu hivyo.

Utetezi wangu

Wiki ya kwanza nilijitetea sana, na utetezi wangu haukuwa wa kijinga. Nilisema: dogo ni mtu mzima, ana miaka ishirini. Tulikubaliana anayeogopa ashuke asukume. Sikumlazimisha. Mchezo wenyewe una hatari na kila mmoja anajua. Na Kanisa halijakataza michezo ya milimani, sivyo?

Ni kweli, halijakataza. Papa Pius XI, kabla hajawa Papa, alipokuwa bado padre Achille Ratti, alikuwa mpanda milima hodari. Mwaka 1889 yeye na wenzake walipanda Monte Rosa kwa upande wake wa mashariki, upande mgumu kabisa, wakalala usiku kucha nje kwenye miamba na baridi. Alipokuwa Papa, mwaka 1923, alimtangaza Mtakatifu Bernardo wa Menthon kuwa msimamizi wa wapanda milima. Na huyu wetu wa karibuni, Mtakatifu Pier Giorgio Frassati, kijana wa Torino aliyetangazwa mtakatifu na Papa Leo XIV tarehe 7 Septemba 2025 pamoja na Carlo Acutis, aliipenda milima kwa moyo wote, akawavuta na rafiki zake kwenda nayo kusali na kufurahi.

Hata baiskeli ina msimamizi wake. Juu ya Ziwa Como, ziwa jingine la Alpi upande wa magharibi wa Garda, kuna kikanisa cha Mama wa Mungu kiitwacho Madonna del Ghisallo. Mwaka 1949 Papa Pius XII alimtangaza Bikira Maria wa pale kuwa msimamizi wa waendesha baiskeli. Nilienda kuhiji huko baadaye. Ndani zimetundikwa baiskeli za mabingwa, na kati yake iko moja ambayo watu huisimamia kimya: baiskeli iliyoharibika ya Fabio Casartelli, kijana wa upande huohuo wa Como, mshindi wa dhahabu ya Olimpiki mwaka 1992, aliyefariki Julai 1995 alipoanguka kwenye mteremko wakati wa mashindano ya Tour de France. Alikuwa na miaka 24. Kanisa halikuificha baiskeli ile, wala halikuitumia kutukataza kuendesha. Imewekwa pale mbele ya Mama, ili kila anayeingia akumbuke kwamba furaha hii ina bei.

Kwa hiyo kujiweka kwenye hatari ya kiasi kwa ajili ya kitu kizuri si dhambi. Katekisimu inatufundisha tuutunze uhai na afya kama zawadi ya Mungu, na inaonya dhidi ya kuuabudu mwili na mafanikio ya michezo. Inasema pia kwamba anayehatarisha usalama wake na wa wengine kwa ulevi au kwa kupenda mwendo wa kasi anabeba hatia nzito. Angalia hapo: usalama wake na wa wengine. Hilo neno "wengine" ndilo lililoanza kuubomoa utetezi wangu.

Swali la Padre

Nilikwenda kumwona Padre. Haikuwa kwenye Kitubio, hiyo ilikuja baadaye. Tulikaa tu jikoni kwenye nyumba ya parokia, akichemsha kahawa. Nikamweleza yote, pamoja na utetezi wangu. Alisikiliza bila kunikatiza. Mwisho akauliza:

"Wewe uliogopa?"

"Ndiyo, Padre. Sana."

"Yeye alijua?"

Sikuwa na jibu. Na mpaka leo nadhani swali lile ndilo lililofaa kuulizwa.

Unaona, nilikuwa napima kosa langu kwa kuangalia ile ngazi ya mawe: je, ilikuwa halali kuipita au la? Padre aliliweka kosa mahali pake. Dogo alikuwa na haki ya kuamua mwenyewe, sawa. Lakini mtu anaamua kwa kile anachokijua. Mimi nilikuwa na habari moja ambayo yeye alihitaji kuliko zote: kwamba mwenye misimu miwili ya mazoezi nusura aanguke, na kwamba mguu wake unatetemeka. Habari hiyo nikaificha nyuma ya mti, nikampa ya uongo. Uhuru wake niliouheshimu sana kwa mdomo, niliuibia macho.

Mtakatifu Paulo aliwaandikia Wakorintho kuhusu nyama iliyotolewa kwa sanamu. Wenye ujuzi walisema, sanamu si kitu, tunaweza kula. Paulo hakuwakatalia kwamba wana uhuru. Aliwauliza habari ya ndugu dhaifu anayewatazama wakila: akifuata mfano wao huku dhamiri yake haiko tayari, ataangamia yule ambaye Kristo alimfia. Nilikuwa nimelisoma fungu hilo mara nyingi nikidhani linahusu nyama. Sasa nadhani linahusu yule aliye nyuma yako njiani.

Na mimi hali yangu ilikuwa mbaya kuliko ya Wakorintho, maana wao angalau walikuwa na nguvu kweli. Mimi nilikuwa dhaifu niliyejifanya mwenye nguvu.

Nguvu ni nini basi?

Katika fadhila nne kuu, busara, haki, nguvu na kiasi, nguvu ndiyo tunayoipotosha zaidi sisi vijana. Tunadhani ni kutokuogopa. Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha tofauti. Anasema nguvu inapingwa na woga uliozidi, ndiyo, lakini inapingwa pia na kutokuogopa kabisa. Na anatafuta chanzo: mtu asiyeogopa kinachostahili kuogopwa, ama hakipendi vya kutosha kile anachoweza kukipoteza, ama ana kiburi, ama akili yake haioni vizuri. Anaongeza kwamba tendo kubwa la nguvu ni kuvumilia, kusimama imara katika wema wakati hatari ipo, kuliko kurukia hatari.

Mimi nilikuwa naogopa vizuri tu. Woga wangu pale juu ya jabali ulikuwa sahihi, tena nathubutu kusema ulikuwa zawadi ya Mungu: ulikuwa unasema ukweli kuhusu mawe, kuhusu uzoefu wangu na kuhusu thamani ya uhai wangu. Kilichonipoteza ni kuuonea aibu.

Sasa tumtazame Bwana wetu. Kuna mahali pawili katika Injili ambapo Yesu anasimama mbele ya hatari, na nimekuwa nikizisoma sehemu hizo mbili pamoja tangu siku ile.

Pa kwanza ni juu ya kinara cha hekalu. Shetani anamwambia ajitupe chini, malaika watamdaka. Ni mahali pa wazi, mjini Yerusalemu. Yesu anakataa, anamjibu kwamba asimjaribu Bwana Mungu. Nguvu alikuwa nazo. Alikataa kuufanya uhai aliopewa na Baba kuwa maonyesho.

Pa pili ni Getsemani. Hapo hatari inakuja kweli, tena haikwepeki bila kuwaacha wale anaowapenda. Na anafanya nini? Anawachukua Petro, Yakobo na Yohane, na anawaambia wazi kwamba roho yake ina huzuni kiasi cha kufa, akiwaomba wakae wakeshe pamoja naye. Mwana wa Mungu anawaambia wavuvi watatu kwamba anaumia moyoni. Hasemi "niko poa". Haegemei mti ili wasione anavyotetemeka. Anawaonesha. Halafu anainuka na kwenda.

Mimi nilifanya kinyume cha yote mawili kwa wakati mmoja: nilijitupa kutoka kinarani kwa ajili ya watazamaji, na nikaificha Getsemani yangu.

Baiskeli iliyobeba watu

Kuna Mkatoliki mmoja wa baiskeli ambaye ananisaidia kuona hili vizuri: Gino Bartali wa Firenze. Alishinda Tour de France mwaka 1938, na akarudi kuishinda tena mwaka 1948, miaka kumi baadaye. Alikuwa mwanachama wa Utendaji wa Kikatoliki na mtu wa sala. Katika miaka ya 1943 na 1944, Wajerumani walipokuwa wameishikilia sehemu kubwa ya Italia, alishiriki katika mtandao wa siri uliowaokoa Wayahudi, ambao mmoja wa viongozi wake alikuwa Kardinali Elia Dalla Costa, Askofu Mkuu wa Firenze. Bartali aliendesha kati ya Firenze na Assisi akiwa amevaa kama mtu wa mazoezini, na ndani ya bomba za baiskeli yake zimekunjwa picha na hati bandia. Akikaguliwa, ni kifo. Pia aliificha familia moja ya Kiyahudi. Baada ya vita hakutaka kuyatangaza; alifariki mwaka 2000, na mwaka 2013 taasisi ya Yad Vashem ya Israeli ilimtambua miongoni mwa Wenye Haki wa Mataifa.

Linganisha. Miguu ni ileile ya mpanda baiskeli, na hatari ni kubwa kuliko ya jabali lolote. Tofauti ni nani anaangalia na nani anafaidika. Bartali hakutaka kujitangaza, na waliofaidika walikuwa wengine. Mimi niliomba nionekane, na aliyelipa alikuwa mwingine.

Na Frassati, unajua alifariki kwa nini? Milima aliyoipanda haikumuua. Alifariki tarehe 4 Julai 1925, akiwa na miaka 24, kwa ugonjwa wa kupooza, polio, ambao inasadikiwa aliupata kwa maskini aliokuwa akiwatembelea majumbani mwao. Milima ilimpa pumzi, maskini wakapewa uhai wake.

"Rahisi tu" zetu nyingine

Huenda wewe hujawahi kupanda baiskeli ya milimani na hutapanda. Lakini hebu fikiria ni mara ngapi tunatoa "rahisi tu" kwa walio nyuma yetu.

Kaka wa bodaboda anayepita katikati ya malori mawili, na mdogo wake anajifunza kwa kumtazama. Dada wa mwaka wa tatu anayemwambia wa mwaka wa kwanza kwamba mahusiano yale hayana shida, wakati yeye analia usiku. Sisi tulio ughaibuni, jamani, tunaopiga picha kwenye theluji na kuandika "maisha poa", tukificha chumba cha baridi, kazi ya kuosha vyombo hadi usiku wa manane na upweke wa Krismasi, hadi binamu nyumbani anauza shamba ili atufuate. Frateri anayemwambia kijana kwamba wito ni furaha tupu. Wanandoa wanaoficha jinsi walivyovuka mwaka wao wa pili.

Hakuna hata mmoja kati yetu anayetaka kumwumiza mtu. Tunaficha mguu unaotetemeka, basi. Lakini anayetufuata anaona ngazi ya mawe kupitia maneno yetu, na anaposhindwa anadhani tatizo ni yeye.

Simaanishi tumwage hofu zetu kwa kila mtu, kila saa. Mama mwenye watoto usiku wa dhoruba hana haja ya kupiga kelele kwamba naye anaogopa. Kuwatuliza ni upendo. Yesu mwenyewe hakuuita umati Getsemani, aliwaita watatu. Busara inajua nani aambiwe na wakati gani. Lakini mtu anayekaribia kuchukua hatari uliyoichukua wewe, anadaiwa ukweli wote. Hilo ni deni la upendo, na mimi sikulilipa.

Alichonijibu

Baada ya Kitubio nilikwenda chumbani kwa dogo. Alikuwa amekaa na mkono umefungwa kifuani, anajaribu kula ugali wa unga wa polenta kwa mkono wa kushoto. Nikamwambia: "Mdogo wangu, nisamehe. Siku ile niliogopa sana. Mguu ulikuwa unatetemeka. Nilikudanganya."

Akaniangalia muda mrefu. Nilitegemea anisamehe haraka au akasirike. Badala yake akasema: "Kaka, mimi nilidhani naogopa peke yangu."

Sijawahi kusikia maneno yaliyoniumiza na kuniponya kwa pamoja kama hayo. Alikuwa amesimama juu ya jabali lile akiamini kwamba yeye peke yake ndiye mwoga duniani, na kwamba hiyo ndiyo aibu anayopaswa kuishinda. Ningemwambia kweli, angeshuka na kusukuma, na labda tungecheka wote wawili.

Msimu uliofuata tulirudi, yeye akiwa amepona. Tulipofika pale, tulisimama. Nikasema kwa sauti, "Mimi hapa naogopa." Akasema, "Hata mimi." Tukashuka kwenye baiskeli, tukazibeba mabegani, tukateremka hatua moja moja. Walipita vijana wawili wageni wakaiendesha ile ngazi vizuri kabisa, kwa ustadi kweli, tukawapigia makofi. Kisha tukaendelea hadi Pregasina, tukaingia njia ya kale ya Ponale iliyochongwa kwenye jabali juu ya ziwa, tukienda polepole kwa sababu ina watembea kwa miguu wengi, wazee na watoto. Upepo wa mchana ulikuwa umeshaanza kuvuma kutoka kusini.

Maswali ya kutafakari wiki hii

1. Ni nani yuko nyuma yangu njiani, anayenitazama kabla ya kuamua?
2. Ni "rahisi tu" ipi niliyowahi kumwambia mtu, nikijua si kweli?
3. Hatari ninazozichukua, ningezichukua kama hakuna anayeniangalia?
4. Nina watatu wangu wa Getsemani, wa kuwaambia ninapoogopa? Je, kuna anayeweza kuniambia mimi?

Tusali

Bwana Yesu, wewe uliyekataa kujitupa kutoka kinarani, na hukuona aibu kuwaambia rafiki zako huzuni yako, utufundishe kuogopa vizuri. Utuondolee kiburi kinachowaumiza wadogo zetu. Utupe ujasiri wa kushuka inapobidi kushuka, na ujasiri wa kwenda unapotuita kwa ajili ya wengine. Mama Maria, msimamizi wa waendesha baiskeli, uwalinde wote walio njiani leo, wa milimani na wa barabarani, na uwafariji waliopoteza wapendwa wao. Mtakatifu Pier Giorgio Frassati, utuombee. Amina.